Chura wa Kihansi na Mstari Ulioachwa Wazi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu maofisa mipango na maofisa mazingira wa halmashauri zetu,

Nimeombwa nizungumzie uchambuzi wa gharama na faida, na jinsi unavyoweza kutusaidia pale mradi wa uchumi unapogusa mto, msitu au bahari. Nimeona heri nianze na kiumbe mmoja ambaye jina lake mnalijua wote, kwa kuwa limetajwa bungeni, magazetini na vijiweni kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi limetajwa kwa hasira: chura wa Kihansi, anayeishi kwenye korongo la mto wenye mitambo ya umeme wa maji.

Malalamiko tunayafahamu. Nchi ambayo watoto wake bado wanakaa sakafuni darasani inawezaje kutenga fedha za kumlea chura? Kwa nini maji yaachwe yapite nje ya mitambo ilhali wananchi wameshaonja mgao wa umeme? Haya si maswali ya kubezwa, wala sitayajibu kwa kuwaambia kwamba kila kiumbe kina haki yake, tukaishia hapo. Ni maswali ya gharama na faida, na anayeyauliza anastahili kujibiwa kwa hesabu. Jambo ninalotaka mlione leo ni kwamba hesabu hiyo haikufanywa wakati wake, na kwamba sehemu kubwa ya gharama inayowakera watu ni bei ya kuchelewa kuifanya.

Mto Kihansi hutoka nyanda za juu za Mufindi na kuporomoka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Katika korongo lake maji hushuka zaidi ya mita 800 ndani ya mwendo mfupi, na kwa mhandisi anayetafuta umeme hapo ni mahali pa neema. Hahitaji kuzamisha bonde zima. Anajenga bwawa dogo juu, anayapitisha maji ndani ya mwamba, na chini anafunga mitambo mitatu ya megawati 60, jumla megawati 180. Ukipima kwa hekta zilizozama, ni vigumu kuupata mradi wa umeme wa maji ulioharibu kidogo kuliko huo. Nchi nayo ilikuwa imetoka kwenye mgao mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vikisimama na hospitali zikihangaika na jenereta. Waliousimamia mradi ule hawakuwa wajinga wala watu wenye nia mbaya, na upembuzi yakinifu wao ulionyesha faida kubwa ambayo kwa kweli ilikuwapo.

Lililokosekana lilikuwa maporomoko yenyewe. Maji yanapoanguka kutoka juu namna ile hutoa manyunyu, na manyunyu yale yalikuwa yakilowesha, mchana na usiku, masika na kiangazi, vipande vichache vya majani kandokando ya korongo ambavyo ukiviunganisha havizidi sana hekta mbili. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo hilo walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya njano, asiyefika hata sentimita tatu, ambaye hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea bali huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika. Walikuwa maelfu kwa maelfu katika eneo lile dogo, na hakuna mahali pengine popote duniani walipowahi kuonekana. Baadaye ikatambuliwa pia aina ya mbuni mwitu, yaani mmea wa jamii ya kahawa, wa korongo hilohilo, ukapewa jina la Kihansi katika vitabu vya elimu ya mimea. Mwaka huohuo wa 1996 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka kwa sababu yameandikwa sana. Mitambo ilianza kuzalisha umeme kati ya mwaka 1999 na 2000, na takriban asilimia 90 ya maji yakahamishwa kutoka kwenye maporomoko. Manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 wakasafirishwa kwa ndege hadi kwenye bustani za wanyama nchini Marekani, huku korongoni yakitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji badala ya manyunyu ya asili. Mabomba yalisaidia kwa muda, idadi ikapanda tena, kisha mwaka 2003 vyura wakaanguka kwa kasi, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukabainika kuwamo miongoni mwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarejeshwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Kila hatua katika safari hiyo ina hati yake ya malipo: mabomba, vyumba vya kuzalishia vyenye joto na unyevu maalumu, wataalamu, usafiri, dawa, na maji yanayoachiwa kila siku.

Ebu tufanye hesabu moja pamoja, maana tunabishana sana juu ya maji hayo bila kuyapima. Mitambo ya Kihansi, kwa urefu wa mwanguko wake, hutoa takriban megawati 7 kwa kila mita moja ya ujazo ya maji inayopita kwa sekunde. Tukichukulia kwamba mita mbili za ujazo zinaachiwa korongoni, tumeacha megawati 14, yaani kilowati 14,000. Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka, unapata uniti zinazozidi milioni 120. Tukiweka bei ya mfano ya shilingi 100 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kiasi hicho ni kidogo, kwa sababu ni madarasa mengi na ni dawa nyingi.

Lakini mchambuzi mwangalifu haishii hapo. Kwanza atauliza ni miezi mingapi mto hujaa kiasi kwamba maji hufurika juu ya bwawa na kushuka korongoni yenyewe, kwa kuwa maji ya miezi hiyo hayakupotezwa kwa ajili ya chura. Yangemwagika hata kama chura asingekuwapo. Kisha atauliza uniti moja iliyokosekana ilifidiwa na nini. Katika mwaka wa mvua nzuri inafidiwa na bwawa jingine kwa bei ndogo. Katika ukame kama wa mwaka 2006 au 2011 inafidiwa na mitambo ya mafuta kwa bei ya kuumiza, au haifidiwi kabisa na watu wanakaa gizani. Kwa hiyo zile bilioni 12 zinaweza kuwa pungufu sana mwaka mmoja na kuzidi sana mwaka mwingine, na anayezitaja kama tarakimu moja iliyonyooka hajamaliza kazi yake.

Sasa geuzeni karatasi. Kama swali la manyunyu lingeulizwa kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa, lingekuwa swali la kawaida la usanifu: mlango wa maji uwekwe wapi, mitambo iwe ya ukubwa gani, kiasi gani cha maji kiachiwe mtoni na katika saa zipi, na kila jibu lingekuwa na bei yake ya kulinganishwa na jingine. Lilipoulizwa baada ya zege kumwagwa, majibu mengi ya bei nafuu yalikuwa yamekwisha kufungwa. Yalibaki yale ya gharama kubwa na yasiyo na uhakika. Ndiyo maana nikasema watu wanalalamikia bei ya kuchelewa.

Naomba sasa niwatoe Kihansi kidogo, niwapeleke mahali ambapo hesabu ya namna hii niliiharibu mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimepangiwa kusaidia kuandaa andiko la mradi mmoja wa maji katika nyanda za juu za Iringa. Mradi ulikuwa mzuri. Ungezuia kijito juu ya bonde na kuyaelekeza maji kwenye mashamba yaliyopimwa ya wakulima wa chini. Jedwali langu lilikuwa na mstari wa faida za mahindi na mpunga, mstari wa gharama za saruji na vibarua, mstari wa matengenezo, na mstari mmoja ulioandikwa “matumizi ya sasa ya bonde”. Katika bonde lile kulikuwa na vinyungu. Kwa asiyevijua, kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi kwenye udongo wenye unyevu, matuta yameinuliwa na vijifereji vimechimbwa katikati, mkulima anapata mahindi mabichi, maharage na mboga katika miezi ambayo mlimani hakuna kitu. Vinyungu havikuwa na hati. Mazao yake hayakupita kwenye ghala wala kwenye stakabadhi ya ushuru, kwa hiyo katika ofisi yetu havikuwa na takwimu. Nikaweka sifuri kwenye mstari ule na kuendelea.

Tulipokwenda kijijini kuwasomea wananchi matokeo, mama mmoja mtu mzima alisogea hadi mezani baada ya mkutano, akaweka kidole kwenye karatasi.

“Mwanangu, hapa pa bondeni umeandika nini?”

“Nimeandika sifuri, mama, kwa kuwa hatukupata takwimu.”

“Sifuri maana yake mimi sili?”

Sikuwa na la kumjibu. Akamtuma mjukuu wake nyumbani, na mtoto akarudi na daftari la shule la kurasa 48, jalada limechakaa, ndani kurasa za mwanzo zina hesabu za darasa la tatu na kurasa zilizobaki zina hesabu za bibi yake. Kila siku ya gulio imeandikwa kwa penseli: mafungu mangapi ya mboga, mahindi mabichi mangapi, maharage debe ngapi, yameuzwa kwa kiasi gani, na mengine kando yake neno “nyumbani”, yaani yaliyoliwa. Misimu mitatu mfululizo. Nilikaa na daftari lile hadi jua likazama. Nilipojumlisha kiangazi kimoja na kukizidisha kwa idadi ya vinyungu nilivyovihesabu kwa macho kesho yake asubuhi, mstari wangu wa sifuri ukawa mstari wa tatu kwa ukubwa katika jedwali zima. Mradi haukufutwa. Ulisanifiwa upya, kijito kikaachiwa maji ya kutosha kiangazi, na eneo la mashamba ya chini likapunguzwa. Faida yake kwenye karatasi ilishuka, na nilikaripiwa ofisini kwa kuishusha.

Tangu siku ile nimekuwa na neno moja ninalowaambia wote ninaofanya nao kazi: usiandike sifuri kama hujapima. Andika “haijapimwa”, na uandike kwa wino unaoonekana. Kompyuta haijui tofauti kati ya kitu kisicho na thamani na kitu ambacho hakuna aliyejishughulisha kukithamini. Ikikutana na kisanduku kitupu inajumlisha hewa, na jibu linatoka likiwa limenyooka, lina desimali mbili, na linaaminika. Manyunyu ya Kihansi yalikuwa kisanduku cha namna hiyo.

Niseme kidogo kuhusu asili ya mbinu hii, kwa kuwa wapo wanaodhani ilibuniwa ili kuhalalisha uharibifu. Mwaka 1844 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alijiuliza daraja lina manufaa gani kwa umma, akatambua kwamba ushuru unaokusanywa darajani haujibu swali hilo, kwa sababu wapo wavukaji wengi ambao wangekuwa tayari kulipa zaidi ya ushuru uliowekwa. Mwaka 1936 nchini Marekani ilipitishwa sheria ya kudhibiti mafuriko iliyotaka faida za mradi, kwa yeyote zitakayemfikia, zizidi gharama zinazokadiriwa. Nia yake ilikuwa kumlinda mlipa kodi, ili fedha za umma zisimwagwe kwenye mabwawa na mifereji isiyorudisha kitu. Hiyo ni kazi njema, na hata leo mradi wa kujionyesha hauna adui mkubwa kuliko jedwali la gharama na faida lililojazwa kwa uaminifu.

Hata hivyo, katika yale maneno “kwa yeyote zitakayemfikia” kuna mlango uliobaki wazi. Mwaka 1939 wanauchumi Nicholas Kaldor na John Hicks waliweka msingi ambao bado tunautumia: mradi unafaa iwapo wanaonufaika wangeweza kuwafidia wanaoumia na bado wakabaki na ziada. Naomba mkisikilize kiambishi hicho kwa masikio ya Kiswahili. Ni wangeweza. Haikusemwa kwamba watawafidia, wala kwamba wamewafidia. Katika “-nge-” hiyo amekaa mwenye kinyungu, amekaa mvuvi wa mikokoni, amekaa mchunga mbuzi ambaye njia yake ya kwenda kwenye maji imezibwa na uzio. Jedwali linasema taifa limepata, na ni kweli limepata. Yeye amepoteza, na hilo nalo ni kweli, wala jumla ya mwisho haimtaji. Ninawaomba kila andiko linalotoka kwenye halmashauri zenu liwe na ukurasa mmoja zaidi, unaoonyesha nani anapata nini na nani anapoteza nini, kijiji kwa kijiji, na fidia inalipwa kutoka kifungu gani cha bajeti na mwaka gani. Kama kifungu hicho hakipo, basi gharama haijalipwa. Imehamishiwa tu kwa mtu asiye na sauti.

Kuna jambo jingine ambalo limejificha ndani zaidi, nalo ni kiwango cha punguzo. Kila mwanamke aliyemo kwenye upatu anaelewa msingi wake bila kufundishwa na mtu: anayepokea mwezi wa kwanza na anayepokea mwezi wa kumi na mbili wanapokea kiasi kilekile, lakini hawakupata kitu kilekile, kwa kuwa wa kwanza ameshanunua cherehani na imeshaanza kumwingizia. Fedha ya leo ina kazi ya kufanya kati ya leo na kesho, na kwa sababu hiyo fedha ya kesho tunaipunguza tunapoileta kwenye thamani ya sasa. Sina ugomvi na msingi huo. Ugomvi wangu ni na namna asilimia moja iliyochaguliwa na mtu mmoja, na kuandikwa kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekisoma, inavyoweza kuamua kila kitu.

Chukueni shilingi milioni moja itakayopatikana baada ya miaka 50. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, kiwango kinachotumika mara nyingi katika miradi ya nchi zetu, thamani yake leo ni takriban shilingi 8,500. Kwa asilimia 5 ni takriban shilingi 87,200. Kwa asilimia 3 ni takriban shilingi 228,100. Milioni ni ileile na miaka ni ileile, na thamani imetofautiana karibu mara 27. Ilipotolewa ripoti ya Nicholas Stern nchini Uingereza mwaka 2006 kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi, ikataka dunia ichukue hatua kali mara moja, mwanauchumi William Nordhaus wa Marekani aliipinga, na sehemu kubwa ya mabishano yao ilikuwa juu ya kiwango hicho cha punguzo, wala haikuwa juu ya kama joto linapanda.

Kwetu jambo hili lina sura ya mikoko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuja pendekezo la kuchimba mabwawa ya kufuga kamba katika delta ya Rufiji, kwenye eneo la takriban hekta 10,000. Mabwawa ya kamba yana tabia moja: faida yake huja mapema, katika miaka ya kwanza, na mara nyingi, kama ilivyotokea katika sehemu kadhaa za Asia, maradhi huingia, maji huchafuka, na bwawa huachwa. Mikoko ina tabia ya kinyume. Kila mwaka hutoa kidogo kidogo: mazalia ya samaki na kamba wenyewe, nguzo za nyumba, asali, ukuta wa kuvunja mawimbi, na kaboni iliyolala kwenye tope. Haitoi kingi mwaka wowote, lakini haiachi kutoa. Ukiweka kiwango kikubwa cha punguzo, bwawa linashinda kabla hujaanza kuhesabu. Ukiweka kidogo, mkoko unasimama. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi ule usikubaliwe, wanavijiji wakaenda mahakamani, na mwishowe mabwawa hayakuchimbwa. Kule Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu miaka ya 2010, yaani hulipwa kwa hewa ukaa inayonaswa na mikoko hiyo, na mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule. Yaani mstari uliokuwa ukiachwa wazi katika majedwali yetu yote sasa una mnunuzi na ankara.

Kwa hiyo nashauri, na katika hili nina msimamo, kwamba andiko lolote linalogusa msitu, mto au bahari lisipokelewe kama limetumia kiwango kimoja tu cha punguzo. Lilete majibu matatu. Kama mradi unafaulu kwa asilimia 10, 5 na 3, mjenge kwa amani. Kama unafaulu kwa moja na kuanguka kwa nyingine, basi waheshimiwa madiwani waambiwe wazi kwamba wanachopigia kura ni uzito wa wajukuu wao, na wapige kura wakijua hivyo.

Nafahamu swali linalokuja. Tutampaje bei chura? Zipo njia. Mtafiti anaweza kupima watalii wanatumia kiasi gani kufika mahali, au bei ya nyumba iliyo karibu na ufukwe safi, au anaweza kuwauliza watu moja kwa moja wangelipa kiasi gani ili kitu kisipotee. Njia hii ya mwisho ilipata umaarufu na upinzani mkubwa baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, hadi mwaka 1993 jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili washindi wa Tuzo ya Nobeli, likaweka masharti ya kuifanya kwa uangalifu. Naikubali pale inapofanywa kwa uangalifu huo. Lakini kumbukeni kwamba ukimwuliza mtu asiye na fedha angelipa kiasi gani kulinda chemchemi anayokunywa, atakutajia kiasi kilichomo mfukoni mwake. Ukimwuliza alipwe kiasi gani ndipo aikubali chemchemi ikauke, atakutazama usoni na huenda asikujibu kabisa. Maswali yale mawili yanapaswa kutoa majibu yanayokaribiana, na hayakaribiani. Mimi humwuliza la pili, kwa kuwa chemchemi ni yake tayari.

Na kuna vitu ambavyo, kwa maoni yangu, havipaswi kuingia kwenye jumla hata baada ya kupewa bei. Ukivunja daraja unaweza kulijenga tena. Ukifunga kiwanda unaweza kukifungua kingine. Ukimaliza aina ya kiumbe, au ukichafua chanzo cha maji chini ya ardhi kwa kemikali isiyotoka, hakuna fedha itakayofuata. Vyura wa Kihansi walirudi kwa sababu mia chache waliwahi kupandishwa ndege, na hata huko ugenini walipungua sana kabla ya kuongezeka. Ilikosekana kidogo tu wasirudi. Mbuni mwitu wa korongo lile hatujui utatufaa nini siku kahawa yetu ikipata ugonjwa mpya, na kutojua huko ndiyo sababu ya kutoupoteza. Kwa mambo kama hayo, anza kwa kuweka mpaka usiovukwa, kisha ndani ya mpaka huo tafuta mradi wenye faida kubwa kuliko yote. Hesabu inabaki kuwa hesabu. Tumeiambia tu isicheze wapi.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja baada ya zege la Kihansi, na imeifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti kabla ya mradi kuanza. Tatizo ninaloliona vijijini ni kwamba tathmini hiyo na upembuzi wa uchumi huandikwa na watu wawili wasiofahamiana, hukaa kwenye majalada mawili, na hukutana mara ya kwanza siku ya kusainiwa. Mtaalamu wa mazingira anaandika “athari ni za wastani”, mwanauchumi hajui wastani ni shilingi ngapi, anaruka. Wakalisheni meza moja tangu mwanzo, na wananchi wakalishwe nao. Kule Lamu, mwezi Juni mwaka 2019, baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, na moja ya sababu zake kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Fikirini miaka ya maandalizi iliyokwenda kabla ya siku ile. Ushirikishwaji nao una mstari wake kwenye jedwali, na aliyeuacha wazi aliulipia mahakamani.

Mchana huu mtagawanyika katika makundi manne, na kila kundi litapewa andiko la skimu moja ya umwagiliaji ambalo nimelitengeneza kwa ajili ya zoezi. Hesabu zake ziko sawa, nimezikagua mara mbili, na mwisho wake linaonyesha faida nzuri. Kuna mistari minne imeandikwa sifuri. Pamoja na andiko hilo nimeweka nakala za kurasa tatu za daftari la yule mama, alizoniruhusu nizichukue kwa sharti kwamba nisiandike jina lake popote. Maandishi ya penseli yamefifia kidogo, kwa hiyo sogeeni karibu na dirisha mnapoyasoma, na muanze na ukurasa wenye neno “nyumbani”.